KATAPILA IKIGOMA KWENDA

Muhula uliopita sote tuliiona katapila ndogo iliyokuja kusawazisha uwanja wetu mpya wa mpira. Ilifanya kazi vizuri siku nne, kisha ikaanza kuvuta upande wa kushoto. Siku ya tisa ikasimama kabisa katikati ya uwanja, injini ikinguruma, mnyororo wa kulia ukizunguka na wa kushoto umetulia tuli. Ikakaa hapo wiki tatu. Mashindano ya mabweni yakaahirishwa, na sehemu ya fedha walizochanga wazazi wetu ikaliwa na vipuri ambavyo havikuhitajika hata kidogo. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi waliopewa kazi ya kuchota maji ya rejeta na kumshikia fundi spana, nami niliandika katika daftari langu yote niliyoyaona na kuyasikia. Nayaeleza hapa kwa faida ya wenzangu, kwani wengi wetu tukimaliza shule tutakutana na mashine hizi barabarani, mashambani na migodini.

Kwanza yafaa kujua kwa nini katapila hutembea juu ya minyororo. Mwaka 1904, huko Stockton katika jimbo la California, Marekani, Benjamin Holt, mtengenezaji wa mashine za shamba, alikuwa na shida. Matrekta yake ya mvuke yalikuwa mazito mno, hata yakazama katika udongo laini wa huko. Akaliondolea trekta moja magurudumu ya nyuma, akaweka minyororo mipana mahali pake. Uzito haukupungua, walakini sasa ulitandazwa juu ya eneo kubwa, na trekta likapita pasipo kuzama. Kanuni hii tunaijua darasani: eneo likizidi, mgandamizo hupungua.

Hapa kwetu mashine hizi zilikuja kwa wingi kuanzia mwaka 1947, wakati wa mpango wa karanga wa Kongwa. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimekwisha kutumika vitani. Ziliharibika ovyo, vipuri vilikuwa haba, na mafundi hawakutosha. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951. Zilikuwako sababu nyingine pia, kama vile uhaba wa mvua na ugumu wa udongo, lakini funzo moja lilibaki: katapila isiyo na mtu wa kuitambua ugonjwa wake ni rundo la chuma tu.

NJIA YA NGUVU

Wale waliozaliwa milimani wanajua mfereji wa maji. Maji yasipofika shambani, mtu mwenye akili hachimbui mfereji wote. Huufuata kutoka bondeni kupanda juu, akitazama maji yamefika wapi na yamekatika wapi. Nguvu ya katapila nayo ina mfereji wake, na kazi ya fundi ni kutafuta mahali ilipokatika.

Katika katapila ya kizamani, kama hii yetu, nguvu hutoka katika injini ikaingia klachi kuu, kisha giaboksi. Kutoka giaboksi huingia krauni na pinioni, yaani gia mbili zinazogeuza mzunguko uelekee pembeni, kulia na kushoto. Hapo njia hugawanyika. Kila upande una klachi yake ya pembeni na breki yake, halafu gia za mwisho ambazo mafundi huziita fainali, na mwisho sproketi, lile gurudumu lenye meno linalovuta mnyororo.

Katapila haina usukani kama wa lori. Dereva akitaka kukata kona kushoto huvuta mkono wa kushoto, klachi ya upande huo ikaachia, na mnyororo wa kushoto ukakosa nguvu wakati wa kulia unaendelea. Akitaka kona kali hukanyaga na breki ya upande huo huo.

Msomaji aangalie jambo moja, maana ndilo ufunguo wa mambo yote. Kuna sehemu ambazo ni za pande zote mbili, nazo ni injini, klachi kuu, giaboksi, krauni na pinioni. Na kuna sehemu za upande mmoja tu, nazo ni klachi ya pembeni, breki, fainali, sproketi na mnyororo. Akilishika neno hili, nusu ya kazi imekwisha.

MASWALI MATATU

Swali la kwanza: je, ni pande zote mbili au upande mmoja? Kama minyororo yote miwili imegoma, mtafute mgonjwa katika sehemu za shirika. Kama ni mmoja tu, usiiguse giaboksi, kwa maana giaboksi mbovu haiwezi kuulisha mnyororo wa kulia na kuunyima wa kushoto.

Swali la pili: dereva akiingiza gia na kuachia klachi, injini inafanyaje? Ikilemewa na kutaka kuzimika, basi nguvu inafika, ila kuna kitu kimeizuia. Tazama breki iliyoganda, jiwe au kisiki kilichokwama katika mnyororo, au tope lililokauka likashika kama saruji. Lakini injini ikizunguka kwa wepesi kama haina mzigo, na mashine haiendi, basi nguvu inapotea njiani: klachi inateleza, gia haikuingia, au shafti imekatika. Kuzuiwa na kupotea ni magonjwa mawili mbalimbali, na dawa zake ni mbalimbali.

Swali la tatu: yatokea lini? Wakati mashine ni baridi au baada ya kupata joto? Kwenda mbele au kurudi nyuma? Ikisukuma mzigo au hata ikitembea mtupu? Klachi iliyochakaa aghalabu hubeba mashine tupu bila matata, ikaanza kuteleza mara bapa la mbele linapojaa udongo. Kwa hiyo majaribio yafanywe na mzigo pia, ila mahali palipo tambarare na pasipo watu.

Kuna kasoro nyingine inayofanana na hizi lakini si hizi, nayo ni katapila kukataa kukata kona. Hapo dereva avute mkono wa upande mmoja pasipo kukanyaga breki. Mashine ikiendelea kwenda moja kwa moja na nguvu zake, klachi haiachii. Huenda mkono una nafasi ya bure iliyozidi, au sahani za klachi zimegandana kwa kutu baada ya mashine kukaa masika nzima bila kazi. Lakini upande ule ukilegea, na hata hivyo kona kali haikatiki akikanyaga, basi breki imekwisha au imelegea.

MACHO, MASIKIO NA MIKONO

Kabla ya kushika spana, fundi mwema huizunguka mashine mara moja, injini ikiwa imezimwa na bapa limelazwa chini.

Aanze na minyororo. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi hula nguvu ya injini na kusaga pini, bushi na sproketi. Uliolegea mno huruka meno ya sproketi au huchomoka katika kona. Kipimo chake ni kule kubonyea kwa mnyororo upande wa juu. Huwekwa ubao ulionyoka kutoka rola ya juu hadi gurudumu la mbele, na rula hupima nafasi iliyo chini ya ubao. Kwa katapila ndogo nyingi nafasi hiyo ni sentimita 3 hadi 5 hivi, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yenyewe. Ipimwe katika hali ile ile ya kazi, kwani tope likijaa katika sproketi huukaza mnyororo uliopimwa vizuri asubuhi.

Kisha atazame oili. Ufunguliwe mfuniko wa kupimia wa kila fainali. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Vumbi jembamba la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyong'aa, vinavyoweza kushikwa kwa vidole, ni meno ya gia au bearingi inayovunjika, na mashine isiende hata hatua moja zaidi. Katika katapila zenye klachi kavu, chini ya kila klachi ya pembeni pana tundu la kutolea. Likitoa oili, sili imepasuka na sahani zimelowa, nazo sahani za namna hiyo zikilowa huteleza. Kubadili sahani bila kubadili sili ni kuchota maji kwa pakacha.

Masikio nayo yana kazi. Mnyororo ukigonga, piga alama ya chaki juu ya kiatu kimoja cha mnyororo na juu ya jino moja la sproketi. Mashine iende polepole, nawe usimame mbali pembeni, uhesabu. Mgongo ukija mara moja kila sproketi inapomaliza mzunguko, kasoro iko katika sproketi au fainali. Ukija mara moja kila mnyororo mzima unapozunguka, kasoro iko katika kiungo kimoja cha mnyororo. Hesabu hii ya darasa la pili imewaokoa watu na gharama ya kufungua fainali nzima.

Mwisho ni joto. Baada ya nusu saa ya kazi, mashine ikiwa imezimwa, sogeza kiganja karibu na fainali ya kulia, kisha ya kushoto, bila kugusa. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, oili imepungua, bearingi imekaza, au breki ya upande huo haiachii. Mashine hii ina upande wa pili ambao ni kioo chake, na mara nyingi upande mzima hukuonyesha ugonjwa wa mwenzake.

ZILE ZINAZOTUMIA MAFUTA

Katapila ndogo nyingi za siku hizi hazina klachi kuu wala krauni na pinioni. Injini huzungusha pampu mbili za haidroliki, moja ya kulia na moja ya kushoto. Kila pampu husukuma mafuta katika mota ya upande wake, na mota ndiyo huzungusha fainali. Pampu ndogo ya tatu hujaza mafuta mahali yanapopungua.

Ijapokuwa viungo vimebadilika, maswali ni yale yale. Pande zote mbili zikiwa dhaifu, anza na kiwango cha mafuta, filta iliyoziba na ile pampu ya kujazia. Usisahau breki za kusimamia. Katika nyingi za mashine hizi breki hufungwa na springi na kufunguliwa na presha ya mafuta. Presha ya kujazia isipokuwako, breki hubaki zimefunga, na mtu asiyejua hulaumu mota zisizo na hatia.

Upande mmoja ukiwa dhaifu, mgonjwa ni pampu, mota, breki au mipira ya mafuta ya upande huo. Ukiwa dhaifu kwenda mbele tu na mzima kurudi nyuma, itazamwe valvu ya kupunguzia presha inayolinda mwelekeo huo, kwa sababu pampu na mota hutumika mielekeo yote miwili. Na mashine ikiwa na nguvu asubuhi lakini ikachoka kadiri inavyopata joto, yaelekea pampu au mota imechakaa ndani. Mafuta ya moto ni mepesi, nayo hupenya katika nafasi ambazo mafuta baridi hayakupenya.

Mafundi wa mashine hizi wana hila moja nzuri. Wakishuku valvu ya kushoto, huzima injini, hutoa presha yote, kisha hubadilishana valvu ya kushoto na ya kulia iliyo sawa nayo. Kasoro ikihamia kulia, valvu ndiyo mbovu. Ikibaki kushoto, valvu imeachiliwa huru, na utafutaji waendelea. Haikununuliwa hata nati.

HATARI

Hapa naomba msomaji asome polepole, maana mashine hii haisamehe.

Presha katika njia za mafuta huweza kupita bar 350, ilhali tairi la gari dogo lina kama bar 2 tu. Mafuta yakivuja katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo, kumbe ndani mkono unaoza. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha boksi kilichofungwa katika kijiti, kamwe si kwa kidole. Aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Grisi inayokaza mnyororo nayo ina presha kubwa. Ikitakiwa kulegezwa, valvu yake ifunguliwe kidogo kidogo, si zaidi ya mzunguko mmoja, na uso wa mtu usiwe mbele yake.

Tena, katapila zenye klachi za pembeni zina tabia ya ajabu katika mteremko. Mashine inaposukumwa na uzito wake, injini ndiyo huizuia isikimbie. Dereva akivuta mkono wa kushoto bila breki, mnyororo wa kushoto huachiliwa ukakimbia kuliko wa kulia, na katapila hugeuka kulia! Dereva mgeni huweza kutumbukia korongoni akidhani anakwepa. Kwa hiyo mashine yenye kasoro isijaribiwe mlimani, wala mtu asiingie chini yake pasipo magogo imara ya kuishikilia.

MWISHO WA HADITHI YA UWANJA WETU

Sasa turudi uwanjani. Fundi wa kwanza aliposikia kwamba katapila haisukumi, alisema injini imechoka. Filta za dizeli na nozeli zikabadilishwa. Haikusaidia. Akasema ni giaboksi. Ikafunguliwa, ikakaa siku kumi juu ya magunia, bearingi mpya zikaletwa, na za zamani zilipotolewa zilikuwa nzima kabisa.

Jumapili ya kutembelewa alikuja mzee mmoja aliyeendesha katapila za barabara kwa miaka mingi, ambaye mjukuu wake yuko Kidato cha Kwanza. Akasimama kando akitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ni miguu yote au mmoja?" Nikamwambia ni wa kushoto peke yake. Akauliza, "Na injini, inalia au inacheka?" Nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Inacheka, Mzee." Akasema, "Basi giaboksi mmeionea bure."

Fundi hakukasirika, nami namsifu kwa hilo. Alimkaribisha mzee apande. Mzee hakuomba hata spana. Alishika mkono wa kulia akautikisa. Ukacheza vizuri kabla ya kukaza. Akashika wa kushoto. Haukucheza hata unywele. Ndipo akatueleza. Mkono wa klachi sharti uwe na nafasi ya bure. Sahani za klachi zinapochakaa, nafasi ile hupungua siku kwa siku, na isiporudishwa hufika mahali ambapo klachi ni kama inavutwa kidogo wakati wote. Hapo huteleza, ikiteleza huungua, na ikiungua huteleza zaidi. Mfuniko wa klachi ya kushoto ulipofunguliwa tuliona vumbi jeusi, na harufu ya kuungua ikatupiga puani.

Fundi alirekebisha nafasi ile kwa kipimo cha kitabu. Katapila ikatembea, wanafunzi wakashangilia. Lakini bapa lilipojaa udongo ikateleza tena, kwa maana sahani zilikuwa zimekwisha kuungua. Zikabadilishwa, kazi ya siku tatu, na uwanja ukamalizika wiki ile ile.

Jambo lililoniumiza ni hili. Siku ya tano, mashine ilipoanza kuvuta kushoto, dawa ilikuwa kugeuza nati moja kwa dakika chache, pasipo kununua chochote. Dereva alikuwa ameuona ule mkono kuwa umekaza, lakini hakuulizwa, naye hakusema. Sisi wanafunzi tulikaa pale kila siku tukiona kwamba mnyororo wa kulia unazunguka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza maana yake, ingawa darasani tunapata alama nzuri za Fizikia. Mimi nikiwa mmojawapo.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta katapila imegoma, usikimbilie spana. Uliza upande gani. Uliza nguvu imezuiwa au imepotea. Uliza yatokea lini. Muulize na dereva, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kisha anza na lililo nje, jepesi na la bure, ndipo uingie ndani. Leo nikipita uwanjani jioni na kuona wenzangu wakicheza, hupatazama pale katikati iliposimama katapila wiki tatu, nikakumbuka kwamba tulichokosa wakati ule hakikuwa kipuri bali swali.

Mwanafunzi, Kidato cha IV